Nyasi bandia kando ya Ziwa Nalubaale (Viktoria): kabla hujanunua gundi, funua uone maji yamekwama wapi

Mleta uzi, Entebbe

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi wa kutandaza nyasi bandia. Naishi Entebbe, na kazi zangu nyingi ni za majumbani na shule za chekechea, kuanzia Kajjansi hadi huku ziwani. Ufundi niliupata Mombasa, nikarudi nao nyumbani, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ziwa si bahari. Nafungua uzi huu kwa sababu mvua za Machi hadi Mei, zile tunazoziita ttoggo, zimeniletea simu za aina moja: "Fundi, mshono umeachia, njoo na gundi."

Nakwenda. Na mara nyingi nikifika, tatizo si gundi.

Chukueni mfano huu. Nyumba iko chini ya mteremko, ukikaa barazani unaliona ziwa. Zulia la nyasi bandia lina miaka mitatu. Mshono wa katikati umeinuka wote, mguu unanasa. Mwenye nyumba, mama mstaafu, alikuwa ameshalipa mafundi wawili. Wa kwanza alipaka gundi mpya juu ya gundi kuukuu. Wa pili alipigilia misumari kwenye mshono, mahali wanapocheza wajukuu peku. Nilimwomba jerikeni moja la lita 20 la maji, nikalimwaga taratibu mahali pamoja, kisha tukakaa tukatazama. Dakika tano maji yapo. Dakika kumi yapo, yanametameta katikati ya nyuzi. Nikamwambia, "Mama, habari ya gundi tuiache kwanza."

Tulipofunua kona, harufu ndiyo iliyotangulia. Chini palikuwa na murramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, iliyoshindiliwa hadi ikawa kama sakafu, na juu yake kavera nyeusi, yaani karatasi ya plastiki, ile inayowekwa chini ya zege, imetandazwa ua mzima. Aliyeitandaza alitaka kuzuia magugu. Magugu aliyazuia, na maji akayafungia humo humo. Kila mvua ilipokatika, zulia lilibaki limekaa ndani ya beseni.

Sasa tazameni kinachotokea kwenye beseni hilo. Mgongo wa nyasi hizi kwa kawaida ni kitambaa cha polipropilini kilichopakwa mpira wa lateksi au poliyurethani ili nyuzi zishike. Lateksi ikikaa kwenye unyevu miezi na miezi hulegea, na ukivuta nyuzi zinatoka vishungi vishungi. Gundi ya mshono nayo ina tabia yake. Ile ya poliyurethani isiyochanganywa hukauka kwa kunywa unyevu, lakini ukiipaka kwenye mgongo uliolowa inapata maji kupita kiasi, inatoa gesi, inafura povu. Kwa nje utadhani imeshika vizuri. Ndani ni sponji. Fundi wa kwanza wa yule mama hakuwa mvivu, alifanya kazi yake siku ya mvua juu ya zulia bichi, basi.

Entebbe inapata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mvua zetu hazinyunyizi, zinamwagika kwa saa moja kisha jua linatoka. Zulia ambalo haliwezi kupitisha maji ya saa ile moja halina maisha marefu hapa, hata likitoka kiwanda gani. Nitaeleza tulivyofanya nikipata nafasi jioni.

Mchangiaji, Kampala

Nafuatilia. Na mimi nina mshono ulioinuka, nilikuwa nimeshanunua gundi.

Mleta uzi, Entebbe

Ndugu wa Kampala, mwaga jerikeni kwanza. Gundi itunze kivulini, usiifungue.

Tuendelee. Tulikunja zulia lote, tukalining'iniza kwenye ukuta likauke. Kavera tukaitoa. Murramu tukaichimba sentimita 15 kwenda chini. Nataka nisieleweke vibaya: murramu ni nzuri kwa barabara kwa sababu ina udongo wa mfinyanzi unaoifunga, na ndiyo sababu hiyo hiyo haifai chini ya nyasi bandia. Juu ya udongo tukatandaza kitambaa cha kuchuja, kile kinachopitisha maji lakini kinazuia udongo usipande kuchanganyika na mawe. Kisha kokoto, sentimita 10, kwa tabaka mbili, kila tabaka ikishindiliwa kwa mashine. Juu kabisa vumbi la mawe la chenga kubwa, sentimita mbili au tatu za kusawazishia. Angalieni sana vumbi hilo mkilinunua: likiwa laini kama unga, likilowa linaganda na mmerudi kwenye sakafu ile ile. Lishike mkononi, lilowanishe, lifinye. Likibaki donge, likatae.

Mteremko ni sentimita moja kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Upande wa chini tulichimba mtaro mwembamba, tukalaza bomba lenye matundu, tukafunika kwa kokoto. Halafu tukageuza zulia kutazama matundu ya mgongoni. Mengi yalikuwa yamezibwa na matope. Tuliyazibua moja moja, na palipokuwa na nafasi kubwa mno kati ya tundu na tundu tukaongeza mengine kwa drili.

Siku nne za kazi. Kupaka gundi kungechukua saa mbili, na mwezi wa tisa angenipigia tena.

Kuna hali moja ambayo haya yote hayasaidii: ziwa lenyewe linapopanda. Mwaka 2020 mliona, maji yalifika kiwango ambacho hakijaonekana tangu 1964, na watu wa Ggaba na wa huku Entebbe walihama nyumba. Maji yanayotoka chini ya ardhi hayatolewi na bomba. Ukiona kokoto zinalowa bila mvua, kunja zulia, likaushe, lihifadhi, usubiri. Na mkumbuke kwamba kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu na fukwe zinaweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kwenye ufuko wa ziwa hili. Mimi naombwa mara kwa mara kutandaza plastiki hadi ukingoni mwa maji. Nakataa.

Mchangiaji, Jinja

Fundi, habari za huko. Nina shule ya watoto wadogo Jinja. Chini ya mwembe nyasi zetu zimeota utelezi wa kijani, mtoto ameshaanguka. Walinzi wanapiga jiki kila Ijumaa na bado unarudi. Nifanyeje?

Mleta uzi, Entebbe

Nnyabo, pole kwa mtoto. Jiki isimamishe leo. Kali vile inapausha rangi na inakula mgongo, na watoto wanakalia hapo.

Ule utelezi ni mwani pamoja na kuvu. Unataka vitu vitatu: kivuli, unyevu, na chakula. Chakula chake si plastiki. Ni majani ya mwembe, maua yake, vumbi, mavi ya ndege (kaloli, wale korongo wakubwa, wakilala juu ya mti wenu mtajua wenyewe), na kwetu huku wadudu wa ziwani. Wale wadudu wanaoinuka kama moshi juu ya maji hufuata mwezi mwandamo, wakivutwa na taa wanaanguka kwa mamilioni. Asubuhi unakuta wamelala kwenye nyasi kama majani ya chai. Wakioza humo wanakuwa mbolea. Kwa hiyo mtu wa ziwani asifagie kwa kalenda ya wiki tu, aangalie na mwezi. Siku wadudu wameanguka, zima taa za nje mapema, na asubuhi fagia wakiwa bado wakavu kabla umande haujawagandisha.

Kwa utelezi uliopo: siku ya jua, fagia takataka zote. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, mwagilia, acha kama nusu saa. Sugua kwa brashi ngumu ya plastiki, si ya waya, ukienda kinyume na nyuzi zilivyolala. Suuza. Rudia baada ya siku chache. Halafu punguza matawi ya mwembe upande wa mashariki ili jua la asubuhi lifike, maana bila hilo utanunua siki mpaka uchoke. Ile mashine ya maji ya presha ikitumika, ishikwe mbali, iende kimshazari, isilenge mishono kamwe. Nimeona mishono mingi zaidi iliyofunguliwa na mashine kuliko iliyofunguliwa na mpira wa watoto.

Fundi, Nyali, Mombasa

Mwanangu, nimekujua kwa maneno yako ya jerikeni. Nilikufundisha mimi hilo.

Mleta uzi, Entebbe

Shikamoo mzee wangu! Ni kweli kabisa, jerikeni ni lako. Tafadhali wape wenzetu habari za bahari, maana wapo wanaosoma hapa walio na nyumba pwani.

Fundi, Nyali, Mombasa

Marahaba. Nitaandika kidogo.

Watu wa pwani wanaogopa chumvi itakula nyasi. Chumvi haili polithilini wala polipropilini. Kamba za vyombo siku hizi ni za plastiki hizo hizo na zinashinda baharini. Chumvi inakula chuma. Misumari ya kawaida ya kushikia kingo, huku kwetu mwaka mmoja, miwili, imekuwa kutu, kichwa kimekatika, ncha iko juu kumchoma mtoto. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, au angalau iliyopakwa zinki.

La pili, chumvi inavuta maji kutoka hewani. Kaskazi ikivuma miezi ile ya Desemba hadi Machi inaleta rasharasha na mchanga, vinakaa kwenye nyasi, na zulia linakuwa na unyevunyevu hata siku isiyo na mvua. Dawa ni maji baridi, matamu, ya bomba au ya mvua. Usisuuze kwa maji ya kisima cha chumvi, wengi wanafanya hivyo kwa kubana matumizi na wanaongeza chumvi juu ya chumvi.

La tatu ndilo linaloniumiza. Mchanga wa kujazia. Watu wanachota ufukweni kwa sababu ni mweupe na ni wa bure. Mchanga wetu wa pwani mwingi ni vipande vya matumbawe na kome, una chumvi, una makali yanayokatakata nyuzi zikikanyagwa, na ukilowa na kukauka unashikamana kama chokaa. Kujazia kunataka mchanga wa silika, chembe za mviringo, uliooshwa na kukaushwa. Nimeondoa mchanga wa bahari kwenye ua mmoja kwa kijiko. Kwa kijiko, mwanangu, wiki nzima. Kuuchota ufukweni pia ni kuuharibu ufuko.

Mleta uzi, Entebbe

Asante mzee. Huku hatuna chumvi lakini kosa la mchanga tunalo. Mchanga wa Lwera wa kujengea una udongo na majani ndani, ukijazia nyasi nao umejipandia bustani ya magugu. Mchanga mweupe wa silika Uganda inao, ule wa Diimu na Bukakata upande wa Masaka unajulikana toka zamani kuwa unafaa hata kwa vioo. Muulizeni muuzaji umetoka wapi, kisha utieni kwenye glasi ya maji mkoroge. Maji yakichafuka, si wenyewe.

Mchangiaji, Mukono

Sisi tulichoma muchomo Jumapili, sigiri (jiko la mkaa) ikapinduka. Shimo la upana wa sahani. Linazibika au ni kubadilisha zulia zima?

Mleta uzi, Entebbe

Linazibika, na ukifuata utaratibu hakuna atakayejua. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu viraka ndivyo vinavyoharibiwa zaidi.

Usikate kutokea juu. Kunja zulia, kata kutokea mgongoni, kwa kisu chenye wembe mpya, ukifuata mistari ya mishono ya kiwandani. Kata mraba uliozidi sehemu iliyoungua, usiache hata uzi mmoja ulioyeyuka. Kiraka usikitoe kwenye zulia jipya. Jua letu la ikweta lishapausha lile la zamani na kiraka kipya kitaonekana kutoka barabarani. Kitoe kwenye zulia hilo hilo, nyuma ya tangi la maji au chini ya vyungu vya maua, kisha kile kipya kikae huko kwenye maficho.

Kabla ya kukata kiraka, piga nyuzi kwa kiganja uone zinalalia upande gani, uweke alama ya mshale mgongoni. Kiraka kilichogeuzwa kinabadilika rangi kadiri unavyotembea. Kingo za kiraka na za tundu zifikiane kwa nafasi sawa na ile iliyopo kati ya mstari na mstari wa nyuzi. Zikibanana sana mshono utapanda, zikiachana utaona mfereji. Chini weka utepe wa kuungia wenye upana wa sentimita 30, nusu huku nusu huku. Gundi ya kuchanganywa, ya poliyurethani, naiamini kuliko ile isiyochanganywa, hasa kwenye hewa yetu nzito. Ipake kwa mwiko wenye meno, usirundike. Laza kiraka huku ukifunua nyuzi kwa vidole zisinase kwenye gundi. Weka mifuko ya mchanga juu kwa saa 24. Na utazame mawingu kabla hujafungua kopo. Asubuhi ya saa tatu, umande umekauka, ndiyo saa yangu.

Sigiri ikae kwenye zege siku nyingine. Polithilini inayeyuka kwenye nyuzi joto 110 hadi 130 hivi, kaa la moto limepita hapo mara nyingi.

Mchangiaji, Kampala

Fundi, kwangu hakuna sigiri lakini kuna mstari umejikunja kama nywele zilizoungua, na kila mwezi unasogea.

Mleta uzi, Entebbe

Inua macho. Una dirisha la kioo kile kinachorudisha mwanga? Ni jua linalopigwa na kioo likakusanyika mahali pamoja, na linasogea kwa sababu jua nalo linasogea mwaka mzima. Weka turubai au pazia la nje kwanza. Ukitia kiraka kabla ya kivuli, kitaungua nacho.

Mchangiaji, Kampala

Dirisha lipo. Asante. Swali la mwisho: tunaendesha kiwanja kidogo cha mpira, chembe nyeusi za mpira zinapungua golini na tunaona zinaelekea mtaroni mvua ikinyesha. Tuongeze tu?

Mleta uzi, Entebbe

Ongezeni, lakini mtaro kwanza. Viwanja vya mpira vina nyuzi ndefu, milimita 50 hadi 60, na bila kujaziwa hazisimami. Mchanga unakaa chini kuupa uzito, chembe za mpira zinakaa juu kulinda goti na kifundo. Golini na kwenye kona miguu inazichimba, kwa hiyo zirudisheni kwa reki na brashi kila wiki kabla ya kununua gunia jingine. Mtagundua nyingi hazijapotea, zimerundikana pembeni.

Zile zinazokwenda mtaroni ndizo zinazoninyima raha. Sehemu kubwa ya mitaro ya katikati ya Kampala inaingia mfereji wa Nakivubo, Nakivubo inaingia ghuba ya Murchison ziwani, na Ggaba, kunakovutwa maji ya mji, ni kwenye ghuba hiyo hiyo. Chembe moja ya mpira huo wa tairi ni kitu kidogo, lakini kiwanja kina tani kadhaa zake. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 uliamua kuziondoa sokoni chembe hizi za kujazia, ukatoa muda hadi 2031. Sisi tusingoje. Jengeni ukingo wa sentimita chache kuzunguka kiwanja, wekeni kikapu cha wavu mwembamba kwenye kila tundu la maji, na watoto wakung'ute viatu wakitoka. Kikapu kisafishwe baada ya kila mvua kubwa na chembe zirudi kiwanjani.

Zulia likichakaa kabisa, msilichome. Moshi wake ni sumu. Kateni vipande: vibanda vya kuku, chini ya pikipiki, njia za matope. Nimegawa mengi namna hiyo.

Mchangiaji, Jinja

Fundi, swali la ukweli. Kwa mvua yetu hii, nyasi bandia zinahitajika kweli?

Mleta uzi, Entebbe

Nnyabo, kwa ua mkubwa wenye jua, hapana. Paspalamu, ile nyasi hai ya bustani, inaota hapa bila kubembelezwa, inakunywa maji ya mvua, na haichomi miguu saa saba mchana. Wateja nimewaambia hivyo na wengine wamenishukuru. Kwa uwanja wa chekechea unaokanyagwa na miguu mia kila siku, roshani, au juu ya paa, sawa, nyasi bandia zina kazi yake.

Mleta uzi, Entebbe

Mrejesho. Mvua za ddumbi, zile za pili za mwaka, zimeanza. Jana ilinyesha kwa nguvu kuanzia saa tisa, jioni nikapita kwa yule mama. Nyasi zilikuwa zimelowa, lakini hakuna dimbwi. Nikamwaga jerikeni pale pale pa zamani, maji yakazama kabla sijalikung'uta. Mshono umelala. Kona ya karibu na tangi ndiyo bado inachelewa, nadhani bomba limekaa juu mno mwishoni. Jumamosi nalifukua, nitaweka picha.